Jani Lisilo Mkungu

Visiwani mwetu mgomba hupandwa kwa ajili ya mkungu. Ukishazaa hukatwa, na chipukizi hushika zamu. Jani twalitaka la kufunikia chungu, lakini sijamwona aupaliliaye mgomba kwa ajili ya jani peke yake. Basi tumhukumu vipi mtu atoaye ardhi na maji kwa mmea wa majani matupu?

Mnamo 1681, huko Japani, mshairi mmoja alipewa na mwanafunzi wake mgomba, ukapandwa penye kibanda chake cha Fukagawa, mjini Edo, ndio Tokyo ya leo. Mgomba wa aina ile hauna ndizi ya kuliwa. Akaupenda hivyo hivyo, hata akajiita Bashō, yaani mgomba, na kwa jina hilo dunia yamjua. Aliyapenda majani yale mapana yararuliwayo na upepo, na shina lisilofaa kwa mbao. Nasi tuijuao kusi twafahamu kwamba kuraruka huko ndiko kuokoka: jani lingebaki zima, kikonyo kingevunjika.

Mwenye njaa haambiwi apande majani. Kisima kikikauka, mimi ningesimama na mwenye majimbi. Lakini nyumba iliyokwisha kushiba, na bado ikapima kila kitu kwa mkungu wake, yanitia hofu. Humo yumo mzee asiyeweza tena kwenda baharini. Yeye atapimwa kwa kipimo gani?