Miadi na Haki ya Anayesubiri

Miadi ni makubaliano baina ya watu wawili au zaidi ya kukutana mahali maalumu kwa wakati maalumu, na kwa kuwa jambo hili hutokea kila siku sokoni, ofisini, hospitalini na majumbani, wengi hulihesabu kuwa suala la adabu tu, lisilostahili kuingizwa katika mijadala ya wanafalsafa na wanazuoni wa dini. Hata vitabu vya kufundishia Kiingereza, ambavyo mara nyingi hutenga somo zima la kuomba miadi na kuiahirisha, humzoeza mwanafunzi kuomba radhi, kutaja sababu na kupendekeza siku nyingine, bila kumweleza kwa nini hatua hizo tatu ni za lazima. Lakini chini ya miadi limelala swali zito la maadili: mtu aliyekwisha kutoa neno lake ana haki gani ya kulibadilisha, na ni nani mwenye mamlaka ya kumruhusu?

Waswahili husema ahadi ni deni, na methali hiyo hutajwa kama ukumbusho wa kutimiza neno, ilhali ndani yake mna hoja kamili inayostahili kufuatwa hadi mwisho wake. Deni lina pande mbili, mdai na mdaiwa, na inafahamika kwamba mdaiwa hana uwezo wa kujisamehe wala wa kujiongezea muda; mwenye uwezo huo ni mdai. Basi ikiwa ahadi ni deni kweli, na miadi ni aina ya ahadi, mwahidi, yaani mtu aliyetoa ahadi, hawezi kuisogeza miadi kwa kutangaza tu kwamba ameisogeza. Hana budi kumwendea mwahidiwa, yaani yule aliyepewa ahadi, akamwomba amfungue. Hiyo ndiyo tofauti iliyopo baina ya kumwambia mtu “tutaonana Alhamisi badala ya kesho” na kumwuliza “utaniwia radhi tukionana Alhamisi badala ya kesho?” Kauli ya kwanza inatoa taarifa, ya pili inaomba idhini, na ingawa zote mbili zinaweza kuishia kwenye Alhamisi ile ile, ni ya pili pekee inayokiri kwamba siku ya kesho ilikwisha kuwa mali ya watu wawili.

Mali hiyo ina thamani inayohesabika. Mama mjamzito aliyeandikiwa tarehe kwenye kadi yake ya kliniki huanza kuitumikia tarehe hiyo siku kadhaa kabla haijafika: hutafuta nauli ya bodaboda na daladala, humwomba jirani amwangalizie watoto, huacha palizi au hufunga genge lake, huamka alfajiri ili awahi foleni, na baada ya yote hayo huambiwa mlangoni kwamba daktari yuko mkutanoni, arudi wiki ijayo. Mhudumu anayempa habari hiyo huiona kuwa badiliko dogo la ratiba, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichopotea. Tarehe moja imekatwa kwa kalamu na nyingine imeandikwa chini yake. Vivyo hivyo mteja aliyempelekea fundi cherehani kitambaa cha nguo ya Idi, akawa kila akienda anaambiwa kwamba vimebaki vifungo tu, aje kesho, hapotezi nguo peke yake. Anapoteza safari zake zote na, baya zaidi, nafasi ya kutafuta fundi mwingine wakati muda ungalipo. Anayesubiri, kwa kawaida, ni mnyonge mbele ya anayesubiriwa, kwani mgonjwa humsubiri daktari, mwananchi humsubiri afisa, na mtafuta kazi humsubiri mwajiri. Hivyo uhuru wa kubadilisha miadi bila kumwuliza mtu umegeuka, pasipo kutangazwa, kuwa alama ya cheo.

Wanafalsafa wa Ulaya na Marekani wamelitafuta chimbuko la wajibu huu kwa njia zinazotofautiana. David Hume, katika kitabu chake kuhusu maumbile ya binadamu kilichotoka mwaka 1739 na 1740, alishikilia kwamba ahadi ni desturi iliyobuniwa na watu kwa manufaa yao ya pamoja, na Immanuel Kant, mwaka 1785, alieleza kwamba anayeahidi huku akijua hatatimiza anamtumia mwenzake kama chombo cha kufikia haja zake. Hoja ya Kant inamhukumu mwongo, lakini haimsaidii sana mtu mkweli aliyepatwa na jambo, na huyo ndiye anayekutwa mara nyingi zaidi katika suala la miadi. Mwenye msaada zaidi ni W. D. Ross, mwanafalsafa wa Oxford, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1930 alifafanua dhana ya wajibu wa awali, yaani wajibu unaomfunga mtu madhali hakujatokea wajibu mzito zaidi unaoushinda. Aliyeahidi kuonana na rafiki kwa jambo jepesi, akakuta njiani mtu aliyefikwa na ajali, anatenda haki akiivunja miadi ili amwokoe. Lakini wajibu ulioshindwa haufi, bali humwachia majuto na kumtaka atafute namna ya kumfidia yule aliyekaa akimsubiri. T. M. Scanlon wa Marekani, aliyeandika kuhusu suala hili mwaka 1990 na tena mwaka 1998, aliweka uzito kwenye tegemeo: ukimfanya mtu apange mambo yake kwa kukutegemea, unawajibika kumkinga na hasara inayotokana na tegemeo hilo, na njia ya kwanza ya kumkinga ni kumpa habari mapema. Udhuru wa kweli, kwa hiyo, humwondolea mtu lawama ya kutofika, lakini haumwondolei lawama ya kunyamaza.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki huitumia kupimia mambo haya, wanazuoni hutenganisha akdi, yaani mkataba wa pande mbili unaozaa haki za kisheria, na waadi, yaani ahadi ya upande mmoja. Hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim inahesabu kuvunja ahadi miongoni mwa alama tatu za mnafiki. Hata hivyo wanazuoni walio wengi, wakiwamo Mashafii ambao madhehebu yao ndiyo iliyoenea pwani, waliona kutimiza waadi ni jambo linalohimizwa sana, lakini si jambo ambalo kadhi anaweza kumlazimisha mtu. Wamaliki walikwenda mbali zaidi, kwani kwa rai iliyo mashuhuri kwao ahadi huwa ya lazima pindi mwahidiwa anapoingia katika gharama kwa sababu yake. Rai hiyo ilipata nguvu mpya mwezi Desemba 1988 huko Kuwait, pale Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilipojadili murabaha, yaani biashara ambayo benki humnunulia mteja bidhaa na kumwuzia kwa faida inayojulikana, likaamua kwamba ahadi humfunga mwahidi kidini isipokuwa akiwa na udhuru, na humfunga hata mahakamani iwapo imefungamanishwa na sababu na mwahidiwa ameingia gharama kwa ajili yake. Baraza lilikuwa likizungumzia mabenki, si kliniki wala mafundi cherehani, lakini kipimo lililokitumia, yaani gharama ya aliyeamini, ni kile kile kinachohusu nauli ya yule mama.

Ipo hadithi nyingine, iliyopokewa na Zayd bin Arqam na kuwekwa na Abu Daud na Tirmidhi katika mikusanyo yao, ambayo inamwondolea dhambi mtu aliyeahidi kwa nia ya kutimiza kisha asifike kwenye miadi. Tirmidhi mwenyewe alisema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, haina nguvu; na hata ikikubaliwa, inazungumzia dhambi baina ya mja na Mola wake, na haigusi hasara iliyompata mja mwenzake.

Mahali penye ugumu zaidi ni kwenye neno inshallah, yaani Mungu akipenda. Aya ya 23 na ya 24 za sura ya Al-Kahf zinamkataza mtu kusema juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu, na mwandishi wa maisha ya Mtume Muhammad, Ibn Ishaq, alisimulia kwamba zilishuka baada ya Mtume kuwaahidi Makureshi kuwajibu maswali yao kesho yake bila kutamka neno hilo, wahyi, yaani ufunuo, ukakawia kwa siku 15. Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya 4, unawakemea vivyo hivyo wafanyabiashara wanaopanga mji watakaokwenda na faida watakayoipata, ilhali hawajui kesho yao itakuwaje. Dini zote mbili, Uislamu na Ukristo, basi, zinamtaka mtu akiri kwamba kesho haiko mikononi mwake. Tatizo ni kwamba ungamo hilo, katika mazungumzo ya kila siku, limepata kazi ya pili, ambayo ni kukataa bila kutamka neno la kukataa. Anayeombwa kuja saa kumi naye hana nia ya kuja hujibu inshallah, na mwombaji hubaki akikisia.

Wapo wanaoitetea tabia hiyo kwa hoja ya kifikihi. Katika sheria ya viapo, aliyeapa kisha akaambatanisha inshallah hahesabiwi kuwa amevunja kiapo asipotimiza, wala hatakiwi kutoa kafara, yaani malipo ya kufuta kosa hilo. Kwa nini basi miadi isiwe hivyo? Jibu ni kwamba kafara ni haki ya Mungu, na Mungu amejiondolea haki hiyo mwenyewe, ilhali muda, nauli na tegemeo la anayesubiri ni haki ya mja, isiyoondolewa na neno alilotamka mtu mwingine. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia katika kitabu chake cha Ihya kwamba sahaba Ibn Masud hakuwa akitoa ahadi ila husema inshallah, kisha Ghazali akaongeza sharti ambalo watetezi hawa hulisahau: ikiwa pamoja na neno hilo msikilizaji ameelewa kwamba mwahidi ameazimia, basi kutimiza ni lazima isipokuwa kukiwa na jambo lisilowezekana. Inshallah inaugusa uwezo wa mtu, ambao kweli una mipaka, lakini haiigusi nia yake, ambayo anaijua vizuri wakati anapozungumza. Kumtaja Mungu ili kuficha nia ni kumsingizia Mungu uamuzi ambao mtu ameufanya mwenyewe, na kosa hilo ni kubwa kuliko lile la kuchelewa.

Mfano bora wa namna ya kubadilisha miadi umo katika nyaraka za Mtume Paulo kwa Wakorintho. Katika sura ya mwisho ya waraka wa kwanza, Paulo anawaandikia kwamba atakwenda kwao baada ya kupita Makedonia, na kwamba anatumaini kukaa nao kwa muda, Bwana akijalia. Waraka wa pili unaonyesha kwamba mipango hiyo ilibadilika zaidi ya mara moja, kwani alikusudia pia kuwapitia kwanza, aende Makedonia, kisha arudi kwao kabla ya kuelekea Uyahudi, na hilo halikutimia. Baadhi yao wakamwona ni mtu mwepesi wa kauli, anayesema ndiyo na siyo kwa pamoja. Linalostahili kuzingatiwa ni jibu lake. Sharti la kumtegemea Bwana alikuwa amekwisha kuliweka kwa maandishi, naye angeweza kuliegemea na kusema kwamba Bwana hakujalia; hakufanya hivyo. Alieleza kwamba aliamua mwenyewe, akataja sababu, kwamba hakutaka kuwaendea tena kwa huzuni na alikusudia kuwahurumia, na alimwita Mungu kuwa shahidi wa ukweli wa sababu hiyo badala ya kumfanya kuwa mwenye uamuzi. Ujumbe wake haukukoma pia, kwa sababu badala ya yeye mwenyewe kufika iliwafikia barua, aliyoiandika kwa machozi mengi.

Wengine huiona mijadala hii kuwa ngeni kwa Mwafrika, wakirejea kitabu cha John Mbiti wa Kenya cha mwaka 1969, ambamo alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Kwame Gyekye wa Ghana aliipinga rai hiyo mwaka 1987 kwa ushahidi wa lugha na fikra za Waakan. Lakini hata akiaminiwa Mbiti, hakudai kwamba Waafrika hawana kesho wala wiki ijayo, na miadi nyingi ni za kesho na wiki ijayo. Anayesema “tuonane baada ya Magharibi” au “siku ya gulio” ametaja wakati ambao jirani zake wote wanaujua, na akikosa kufika hana wa kumlaumu kwa kutoelewana. Kuwasingizia mababu uzembe wa wajukuu ni dhuluma kwa wasioweza kujitetea.

Anayesubiri naye ana wajibu wake. Aya ya 280 ya sura ya Al-Baqara inamwagiza mdai ampe mdaiwa aliye katika dhiki muda hadi apate wepesi, na ikiwa miadi ni deni, basi aliyeombwa kwa wakati na kwa sababu ya kweli hafanyi vyema kukataa. Abu Daud amepokea kisa, ambacho wanazuoni wameitilia shaka sanadi yake, cha mtu aliyeagana na Mtume Muhammad kabla ya utume kwamba angemletea salio la biashara yao mahali walipokuwa, akasahau, akakumbuka baada ya siku tatu, akamkuta pale pale. Mtume hakumkaripia, alimwambia tu kwamba amemtaabisha. Lakini hata subira hiyo ilitaja taabu, kwa sababu kusamehe hakumlazimishi mtu kujifanya kwamba hakuna kilichompata.

Zamani aliyepata udhuru njiani hakuwa na njia ya kumfikia mwenzake, na wanazuoni wa wakati huo waliandika hukumu zao wakilijua hilo. Siku hizi kliniki nyingi huandika namba ya simu ya mgonjwa katika daftari lile lile inamoandikwa tarehe yake ya kurudi, na ujumbe mfupi unaotumwa jioni ya kuamkia siku hiyo unagharimu kidogo sana kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Wenye kushika madaftari hayo, katika hospitali, ofisi za serikali na kampuni, wautume ujumbe huo kabla mama yule hajaondoka nyumbani kwake, waeleze sababu ilivyo, na wamwulize ni siku gani nyingine itakayomfaa.