Uhuru wa Kuondoka

Tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini, ikiwemo mingi ya watoto, imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya. Wengi wakauliza: mtu mwenye akili timamu anakubalije kufunga mpaka kufa ili amwone Yesu? Swali hilo linaanzia mwisho wa safari. Kijana wa miaka 16, mgeni mjini, mzazi yuko kazini hadi usiku, haitwi kwenda kufa. Anaitwa kwa jina lake. Anawekewa kiti, na asipofika Jumapili kuna anayepiga simu kuuliza kama anaumwa. Upendo huo mara nyingi ni wa kweli, ndiyo maana kumwambia kwamba wale ni matapeli hakufui dafu: amewaona wakimjali, na sisi hakutuona.

Mambo hugeuka baadaye. Shule inakuwa ya shetani, hospitali inakuwa kukosa imani, shangazi anayehoji anakuwa adui. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyekana mashtaka ya Shakahola, alijulikana miaka mingi kabla ya hapo kwa kuhubiri dhidi ya shule. Kanungu, Uganda, ambako mamia waliteketea kanisani tarehe 17 Machi 2000, waumini walikuwa wameuza mali zao na wakiishi kimya, wakiwasiliana kwa ishara. Kimya hicho kinanishughulisha kuliko unabii wao wote. Asiyeruhusiwa kusema hawezi kumuuliza aliyeketi ubavuni mwake kama naye ana shaka, hivyo kila mmoja hudhani shaka ni yake peke yake, tena ni dhambi. Kijana aliyekimbia upweke amerudishwa upwekeni, safari hii katikati ya umati. Ridhaa yake haina uzito, kwa kuwa hakuna sikio la pili la kuipimia.

Atakuja mtu aseme dini zote hudai kujinyima: Ramadhani, Kwaresima, utawa. Ni kweli, na mimi sioni ubaya wa kujinyima. Lakini tazama utawa wa Kikatoliki, ambao hudai mengi mno. Sheria ya Kanisa haimpokei mnovisi, yaani anayeanza utawa, asiyefika miaka 17. Unovisi ni wa miezi 12 au zaidi, kisha nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu, na nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21. Wakati wote wa unovisi, na kila nadhiri za muda zinapomalizika, mtu anaweza kufunga mizigo yake akaenda kwao. Mafundisho yatishe au yasitishe, hapo ndipo tofauti ilipo.

Hoja nzito zaidi ni ya Eileen Barker, mwanasosholojia wa Uingereza. Katika utafiti wake uliochapishwa 1984 juu ya wafuasi wa kiongozi wa dini aitwaye Moon, aliona kwamba wengi mno waliohudhuria semina zao hawakujiunga. Basi hakuna uchawi wa kugeuza akili, na aliyejiunga alichagua. Nakubali, ila alichagua kuingia. Kubaki ni uamuzi mwingine, unaohitaji nauli, simu, na nyumba itakayomfungulia. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inalinda imani ya kila mtu, na iendelee kuilinda. Afisa wa serikali anayefika kwenye boma la waumini hana haja ya kuchambua mahubiri. Aulize mtoto yupi hajaenda shule muhula huu, na lini mara ya mwisho alizungumza na bibi yake.