Kitabu Kimoja Hakitoshi

Katika mtaa wa Msheireb, jijini Doha, ipo nyumba iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu mwaka 2015, Nyumba ya Bin Jelmood ni makumbusho ya utumwa wa Bahari ya Hindi. Humo hutajwa bila kificho watu wa Afrika Mashariki waliovushwa bahari, wakazamia lulu na kutumikishwa majumbani. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Si zamani za kale.

Wakazi wengi wa Qatar ni wageni. Darasa moja huweza kuwakalisha pamoja mtoto wa Kikatari, wa Kihindi, wa Mombasa, na wa Kiomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja. Mwalimu wa fasihi akichagua kitabu kinachosimulia utumwa, je, hamshitaki mmoja na kumwaibisha mwingine? Akikiepuka, je, hawanyimi wote ukweli ulio mtaa wa pili?

Jibu jepesi ni kumpa kila mtoto kitabu cha kwao. Mgawo huo una sura ya haki, ila humwacha kila mmoja palepale alipokuwa. Tena, Afrika ikipewa kitabu kimoja tu, na mhusika wake akawa mtumwa, mtoto wa Mombasa hutambulishwa kwa wenzake kwa minyororo ambayo hakuivaa kamwe.

Haki zaidi imo katika kusomesha vitabu viwili vinavyojibizana. Katika *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa *Peponi*, Yusuf anawekwa rehani na baba yake mzazi kwa deni la tajiri Aziz. Katika *Sayyidat al-Qamar* ya Jokha Alharthi wa Oman, riwaya iliyotunukiwa Man Booker International mwaka 2019, Zarifa, mtumwa, ndiye anayemlea mwana wa bwana wake. Mzanzibari hasiti kuonyesha mkono wa mzazi wa Kiafrika katika dhuluma. Mwarabu anaihoji nyumba ya Waarabu wenziwe.

Vikisomwa pamoja, hakuna mtoto anayebebeshwa lawama peke yake, wala anayeachiwa huruma peke yake. Huenda mzazi akalalamika kwamba majeraha yamefukuliwa. Lakini jeraha lililokwisha kuwekewa makumbusho halifichiki tena. Lililobaki ni kuamua iwapo watoto watalisoma wakiwa pamoja, au kila mmoja atalisikia kwao, kwa minong'ono.