Urafiki Ugenini: Je, Ni Anasa au ni Wajibu?

Wazee wetu walituachia mithali mbili zisizopatana. Moja yasema, Tembea uone. Ya pili yasema, Mtembezi hula miguu yake. Mwenye kusafiri huishika ile ya kwanza. Aliyebaki nyumbani humkumbusha ile ya pili. Twataka kuzipima zote mbili kwa habari ya kijana aliyepelekwa kusoma katika mji wa Ulaya ambao watu wake husema Kifaransa. Swali letu ni hili: akitoka chumbani mwake kutafuta marafiki na kuutembea mji, je, anaiba wakati wa wale waliomlipia, au anatimiza sehemu ya kazi aliyotumwa?

Swali hili si dogo. Mara nyingi nauli na karo ya kijana kama huyo hutoka katika mikono mingi: baba ameuza ng'ombe, mjomba ametoa akiba yake, majirani wamechanga. Hao wote wana haki ya kuuliza. Wakisikia kwamba Jumamosi alikuwa akizunguka mjini na wenzake, huona uchungu, na uchungu wao una sababu.

Tuutwae mji mmoja uwe mfano, yaani Lyon katika nchi ya Ufaransa. Ni mji wa kale. Warumi waliuanzisha mwaka 43 kabla ya Kristo, wakauita Lugdunum. Umekaa pale ikutanapo mito miwili, Rhône na Saône. Wanafunzi wa vyuo vyake vikuu wapita 100,000, na wengi miongoni mwao wametoka nchi nyingine. Mtu aweza kudhani kwamba katika umati kama huo hapana awezaye kukosa rafiki. Sivyo. Upweke wa penye watu wengi ni mzito kuliko upweke wa porini, maana porini hakuna anayekupita bila kukutazama. Tena mwezi wa Desemba jua huchwa huko yapata saa kumi na moja jioni, na usiku ni mrefu kwa mtu aliye peke yake na kitabu chake.

Katika mitaa ya kale ya Lyon, na juu ya kilima cha Croix-Rousse walikokaa wafumaji wa hariri, kuna njia ziitwazo traboule. Njia hizi hupenya ndani ya nyumba zenyewe: mtu husukuma mlango wa barabarani, hupita ukumbi wenye giza na ua wa watu, kisha hutokea katika barabara ya pili. Kwa nje mlango huo ni kama mlango wo wote, na asiyeonyeshwa aweza kupita mbele yake miaka mitatu asijue. Tena apitaye humo yampasa kunyamaza, maana pande zote kuna watu wanaokaa. Wenyeji wamekubali wengine wapite, nao wanatazamia heshima. Basi hakuna ramani inayoweza kumfundisha mgeni mambo haya yote. Yampasa kuongozwa na mwenyeji, na mwenyeji hamwongozi mtu asiyemjua.

Wako watakaosema, "Ajifunze lugha tu, mengine yatakuja." Lakini vijana wa Bukavu na Bujumbura hufika Ufaransa wakiwa wamekwisha kusoma kwa Kifaransa tangu shule, na hata hivyo mmoja wao aweza kukaa mwaka mzima bila kualikwa nyumbani kwa mtu. Lugha ni ufunguo, lakini ufunguo haupigi hodi. Kwanza ni kuamkia. Huko Ufaransa, mtu aingiaye dukani kununua mkate akaanza kwa kutaja haja yake, bila salamu, huhesabiwa kuwa hana adabu. Sisi twalijua neno hili tangu utotoni. Ni ajabu jinsi kijana wetu awezavyo kulisahau kwa haya ya kukosea matamshi. Afadhali akosee. Aliyekuwa wa kwanza darasani kwao sasa anasahihishwa na muuza mikate kama mtoto mdogo, na fundisho hilo halimo katika vitabu vyake. Atakaporudi kuwa mganga au mwalimu, atakumbuka jinsi mtu anavyojisikia akiwa hajui, naye hatamdharau mgonjwa asiyeelewa.

Sasa twafika penye shida kubwa zaidi. Kama kijana anatafuta rafiki ili apate Kifaransa, je, huo ni urafiki, au amemfanya mwenzake kuwa chombo? Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliugawa urafiki namna tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema, akasema ule wa faida huvunjika faida ikwishapo. Na Kifaransa chenyewe chaweza kumdanganya mgeni. Kina neno moja la kumwita mtu kwa heshima, na neno jingine la kumwita ndugu au rafiki. Lakini wanafunzi huitana kwa hili la pili tangu siku ya kwanza. Mgeni asidhani amekwisha kupata rafiki.

Sisi twajibu kwamba si kosa urafiki kuanza kwa haja. Hata kwetu, majirani wengi walijuana kwa kuombana moto. Kosa ni kuishia hapo. Kipimo ki rahisi: je, humtembelea mwenzake akiwa mgonjwa, asipoweza kusema maneno mengi? Je, humwita chumbani mwake akampikia chakula cha kwao, au hungoja kualikwa tu? Apokeaye bila kutoa ni mgeni wa siku mbili asiyetaka kupewa jembe siku ya tatu.

Wala hatusemi kwamba urafiki huu hauna gharama. Ireneo alitoka Smirna, alikomsikia mzee Polikarpo katika ujana wake, akaja kukaa Lyon. Akawa askofu wa mji huo baada ya dhiki ya mwaka 177, waliyouawa mzee Pothinus na mtumwa Blandina pamoja na wengine. Katika kitabu chake kikubwa amwambia msomaji asitazamie ufasaha kwake, kwa kuwa anakaa kati ya Wakelti na amezoea lugha yao. Alipoteza kitu katika ufasaha wa lugha yake, aliwapata watu.

Kijana naye atapoteza kitu, na wazazi hawakosei kuogopa. Kwa hiyo pawe na kiasi. Darasa kwanza, maana ndilo lililolipiwa. Asikope ili aonekane na wenzake. Asiache kuandika nyumbani, kwani mkataa kwao ni mtumwa. Lakini pia asijifungie na watu wa nchi yake peke yao, ingawa kwao hupata faraja. Akifanya hivyo atakuwa amevuka bahari bila kufika.

Nanyi wazazi, akiwaandikia, msimwulize alama tu. Mwulizeni pia, "Ni nani huko anayekujua kwa jina, na wewe umemtendea nini?" Asipokuwa na jibu, mwonyeni kama mnavyomwonya aliyeshindwa mtihani.