Jiwe, mzimu na mchawi: tusivichanganye

Msafiri wa Tarime kwenda Mugumu, wilayani Serengeti, huona majabali yaliyobebana utadhani kuna mtu aliyeyapanga. Wataalamu wa miamba wanaeleza kuwa ni matale yaliyomomonyoka ardhini, kisha mvua za karne nyingi zikachukua udongo na kuacha mawe magumu juu. Hapo hakuna muujiza.

Lakini tuliangalie neno. Waikoma, Wanata na Wangoreme wana neno emisambwa. Ni roho za wazee waliotangulia, na ni mahali penyewe pia: jabali, chemchemi au mti. Waganda nao husema misambwa, na katika Ziwa Victoria upande wa Uganda vipo visiwa vya mawe viitwavyo Musambwa, ambako nyoka hawauawi. Sisi wa pwani tusicheke. Mzimu wetu ni pepo, na ni pango lile lile linalofukizwa ubani!

Sasa ndugu zangu Waislamu, mjini ukitaja mahali kama hapo unajibiwa upesi: "Wale wachawi." Je, ni kweli? Mzee anayeomba mvua penye jabali huenda kwa ajili ya ukoo wake na ukoo unajua. Mchawi, kwa Kiswahili chetu, ni anayedhuru watu kwa siri. Kumwomba asiyekuwa Allah ni shirki, na hilo hatulifichi. Sayyidna Umar (r.a.) alilibusu Jiwe Jeusi huku akitamka kuwa ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi. Ikiwa hivyo ndivyo kwa jiwe la Makka, sembuse la Mugumu?

Ila shirki ni suala la itikadi. Uchawi ni tuhuma ya jinai, yenye sheria yake nchini tangu mwaka 1928, na Kanda ya Ziwa tuhuma hiyo imewaua vikongwe kwa mapanga, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Qur'an imetukataza kuwatukana wanaoombwa kinyume cha Allah (6:108), na imetuamuru uadilifu hata kwa tunaowachukia (5:8). Anayesimama mimbarini akawaita watu wachawi kwa ajili ya jiwe amewazulia. Na hajui nani kati ya wanaomsikiliza ana bibi mzee jirani, na panga nyumbani.