Tone la Rangi na Namba ya Injini

Injini nyingi za Chevrolet zilizotoka kiwanda cha Flint, Michigan, miaka ya 1960 zilipigwa rangi ya chungwa zikiwa zimeshafungwa vifaa vyake. Mpiga rangi hakuwa na muda wa kubembeleza kazi. Rangi iliangukia gasketi na vichwa vya bolti, ikafika hadi kwenye manifoldi za ekzosi, ambako iliungua na kubabuka mara gari lilipoanza kutembea. Leo fundi anayetaka Corvette ya wakati ule irudi kama ilivyotoka kiwandani St. Louis huipuliza rangi hiyo hiyo mahali pale pale isipotakiwa, na waamuzi wa maonyesho humpa alama kwa uzembe alioutengeneza kwa uangalifu wa sonara. Ni rahisi kumcheka. Lakini kabla ya kucheka tujiulize kama uzembe wa makusudi unaweza kuwa kweli.

Wapo watakaosema hauwezi, kwa kuwa kitendo hupata maana yake kwenye nia: kibarua wa Flint alikusudia kumaliza zamu yake, hakukusudia michirizi, na anayeiiga michirizi hiyo anaigiza tu. Hoja hii ina nguvu tunapompima mtu. Tunapopima ushahidi, inapwaya. Rangi iliyomwagika kwenye manifoldi inatamka jambo moja, kwamba injini za aina hii zilipigwa rangi namna hii, na jambo hilo ni kweli hata likitamkwa na mkono mwingine miaka 50 baadaye. Inayopotosha ni injini iliyopakwa ikang'aa bila doa, kwa sababu inamwambia mtazamaji kwamba kiwandani pale watu walikuwa na nafasi. Anayeirudisha ile haraka anatunza kumbukumbu ya kazi ya watu ambao majina yao hakuna aliyejishughulisha kuyaandika.

Mambo hugeuka tukifika mbele ya silinda hedi ya kulia, kwenye kibapa kidogo cha bloku kilichogongwa alama ya kiwanda, tarehe injini ilipoungwa, na tarakimu za mwisho za namba ya gari lenyewe. Kibapa hiki kiko usawa mmoja na uso wa bloku, hivyo uso ukichongwa ili unyooke, namba nazo hufutika. Wako wanaozigonga upya, na walio hodari zaidi huchora hata ile mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Kwa macho, hakuna tofauti na kazi ya yule wa rangi. Ila namba haizungumzii injini za aina fulani. Inasema, mimi ndiye niliyefungwa kwenye gari hili siku lilipoundwa. Kauli ya namna hiyo haithibitishwi na mfanano. Inathibitishwa na yaliyotokea, na yaliyotokea hayagongwi kwa nyundo.

Atakayepinga ataleta merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka zote zikaisha, aulize chuma kina utakatifu gani hasa. Mahakama Kuu ya London iliwahi kulikabili swali hilo mwaka 1990, katika kesi ya Bentley iitwayo Old Number One, mshindi wa Le Mans mwaka 1929 na 1930. Kufikia mwaka 1932 gari hilo lilikuwa limewekewa injini ya lita 8, na lilipata ajali Brooklands iliyomuua dereva Clive Dunfee. Vipande vya mwanzo vilikuwa vimebaki vichache mno, na mnunuzi akakataa kulipa. Jaji Otton aliamua kwamba halikuwa tena gari la asili kwa maana ya vipande, lakini lilistahili jina lake kwa sababu historia yake haikukatika. Hukumu hii haimwokoi mgonga namba hata kidogo. Ikiwa utambulisho hubebwa na historia na si chuma, basi kughushi historia ni kosa kubwa kuliko kukosa chuma. Bentley ile ilishinda kwa sababu mabadiliko yake yalijulikana, si kwa sababu yalifichwa.

Kwa hiyo aliyelazimika kuweka bloku ya gari jingine aiache na namba iliyokuja nayo, na kama ilishachongwa, kibapa kibaki kitupu. Kisha apulize rangi ya chungwa ovyo kadiri apendavyo.