WANJA WA MTOTO MCHANGA, NA JAWABU TULILOLITOA KWA HARAKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, enyi ndugu zetu. Katika darsa yetu ya baada ya Alasiri alitujia mama mmoja na kichupa cha wanja wa manga. Mjukuu wake alikuwa mchanga wa siku kumi, na muuguzi wa kliniki amemkataza kumpaka. Akatuuliza: Je, amtii muuguzi au ashike Sunna? Nasi tukamjibu papo hapo kwamba wanja ni Sunna, na katika Sunna hamna madhara. Mama akashukuru, akaenda zake.

Jawabu hilo tulilitoa kabla ya kuuliza kilichomo ndani ya kichupa. Baadaye tumeuliza na tumesoma, na tumeona kuwa tumekosea. Kosa lililosemwa mbele ya watu haifai kulitubia chumbani, kwa hivyo twalirekebisha hapa.

Ni kweli imepokewa kwamba Mtume wetu aliusifu wanja wa ithmid, kuwa huzidisha nuru ya macho na kuotesha kope. Lakini alichokisifu ni jiwe maalumu lenye jina lake. Hakukidhamini kila kichupa kitakachouzwa madukani mpaka siku ya Kiyama. Jina laweza kubaki na kitu kikabadilika. Mwenye kununua maziwa yaliyotiwa maji hakunywa maziwa, hata kama muuzaji amekula yamini.

Sasa wanja wetu wa leo una nini? Jicho haliwezi kujibu, kwani wanja wote ni mweusi. Watafiti waliokuwa Oman, nchi ambayo wazee wetu waliiita Manga, walizikusanya aina za wanja zitumiwazo huko, wakazipima kwa mionzi ya eksirei na kwa hadubini yenye nguvu, na mwaka 1998 wakatangaza waliyoyaona. Mionzi hiyo ikipita katika unga wa jiwe hutawanyika kwa mpango maalumu, na kila jiwe lina mpango wake, kama vile kila mtu ana alama za vidole vyake. Baadhi ya wanja ulikuwa masizi tu, usio na neno. Lakini mwingine mwingi ulikuwa ni jiwe la galena, nalo galena ni risasi iliyoungana na kibiriti. Katika kila sehemu 100 za uzito wa jiwe hilo, zaidi ya sehemu 86 ni risasi tupu.

Na risasi, ndugu zetu, haina kazi yoyote katika mwili wa binadamu. Shirika la Afya Duniani lasema hakijulikani kiasi chake chochote kisichodhuru. Mtoto akiimeza, mwili wake hunyonya mara nne au tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Humpunguza damu, humdhoofisha akili, na akili iliyopotea hivyo hairudi. Hukaa katika mifupa miaka mingi. Hata mwanamke aliyeipata utotoni, akichukua mimba, yaweza kutoka mifupani mwake ikamfikia aliye tumboni. Mchanga aliyepakwa machoni hujifuta kwa kiganja, na kiganja hukitia kinywani. Njia ni hiyo, wala haihitaji ufundi.

Huenda mtu akasema: Bibi zetu walipakwa, nao wakaishi. Twamjibu kwa kisa. Mwaka 1921 mtaalamu mmoja wa Marekani, Thomas Midgley, aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli, injini ya gari hutulia. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Mwaka 1924 wafanyakazi walioitengeneza wakashikwa na wazimu, na wengine wakafa. Midgley akawaita waandishi wa magazeti, akajimwagia dawa hiyo mikononi na kuinusa mbele yao, apate kuonyesha kuwa haidhuru; ilhali yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuugua kwa risasi. Watu wakamwona amesimama mzima, wakatosheka. Hiyo ndiyo hoja ya «bibi zetu waliishi». Sumu inayoua polepole haikanushwi kwa kumwonyesha mtu aliyesimama leo.

Aliyeifichua alikuwa mtaalamu mwingine, Clair Patterson, ambaye wala hakuwa akiitafuta. Alikuwa akipima risasi katika mawe apate kujua umri wa ardhi, na kila alipopima hesabu ilimharibikia. Lau angekuwa mvivu angaliandika hesabu yoyote. Bali yeye alisema: huenda uchafu umo chumbani mwangu. Akasugua sakafu, akasafisha vyombo, akazuia vumbi, mpaka kipimo chake kikatengenea. Na mwaka 1956 akatangaza kuwa umri wa ardhi ni kiasi cha miaka milioni 4,550. Kisha akajiuliza: risasi hii iliyojaa kila mahali yatoka wapi? Akapima maji ya bahari, akayakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini. Akapima barafu ya zamani na barafu mpya. Mwaka 1965 akawaambia watu kwamba hewa, maji na miili yao imechafuliwa kwa mikono yao wenyewe. Wenye faida yao katika petroli wakampinga. Lakini kipimo hakina haya ya mtu. Nchi za Afrika kusini ya Sahara, na Kenya ikiwamo, zilikuwa zimeiacha petroli hiyo ilipoingia mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliiacha mwaka 2021. Karibu miaka 100 ilipita kwa sababu neno «haidhuru» lilisemwa kabla ya kupima.

Wala msidhani hayo ni ya mbali. Hapa Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, watu waliishi ukutani mwa kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi huko, mwanawe alipougua alipimwa damu, ikaonekana risasi. Akasimama na jirani zake, wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 wakahukumiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya hukumu hiyo kutenguliwa, Mahakama ya Juu ikairejesha mwaka 2024. Yote yalianza kwa mama mmoja aliyetaka damu ya mwanawe ipimwe.

Na elimu hii ya kujaribu na kupima si ya kigeni kwetu. Tabibu Abu Bakr Al-Razi, yapata miaka 1,100 iliyopita, aliandika kwamba kundi moja la wagonjwa alilitoa damu na jingine akaliacha makusudi, apate kuona tofauti. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua. Na Mtume wetu amekataza kudhuru na kudhuriana. Basi sisi tuliojibu bila ya kuhakikisha tulivunja yote mawili.

Hukumu yetu sasa ni hii. Hatuuharamishi wanja. Mtu mzima atakaye Sunna na ajue kwanza anachokipaka. Ama mtoto mchanga, asipakwe kabisa wanja usiojulikana asili yake, si machoni wala usoni. Na anayempaka kwa kuchelea jicho la hasidi, ajue kwamba Mtume wetu aliwakinga wajukuu wake Hassan na Hussein kwa kuwaombea dua. Hakuwakinga kwa risasi. Aliyekwisha kumpaka mwanawe na ampeleke hospitali apimwe damu; kikifika kipimo maikrogramu 5 katika desilita moja, Shirika la Afya Duniani lataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Na ndugu zetu wavuvi wanaoyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi, wasiiyeyushe jikoni wala karibu na watoto.

Yule mama tulimwendea nyumbani kwake, tukamwambia: Mama yetu, muuguzi alikuwa na haki, na sisi tulikosea. Akanyamaza kidogo, kisha akainuka, akakichukua kile kichupa akatupa sisi, akasema: «Basi kiondoeni nyinyi, kwani nyinyi ndio mlionambia nikiweke.» Tukakipokea. Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na amlinde mtoto yule na watoto wetu wote.

Wabillahi taufiki.